Kwa: Mama Mosi

Alhamisi, 15 Septemba 2005

Nimeua kompyuta. Mimi mwenyewe, kwa kidole changu.

Miaka miwili mashine hii inaniuliza: faili la barua limekuwa kubwa, nilibane? Miaka miwili nabonyeza Hapana. Leo – sijui shetani gani – nikabonyeza Ndiyo. Ikaanza kubana. Mstari wa buluu ukafika katikati, umeme ukakatika. Betri ya akiba ilikufa tangu Pasaka, na ni mimi niliyesema itasubiri.

Umeme uliporudi kompyuta ikawaka vizuri tu. Feni inazunguka, saa inakwenda. Lakini barua pepe – faili limeharibika, halifunguki. Nimejaribu mara sita. Mara ya saba nikaipiga kofi.

Barua zote zimo humo, na anwani zote. Wateja wangu wana anwani moja tu, hii ya ofisi yangu ya uchapaji hapa Singida, kama watu wa kigango cha kanisa wanavyotumia sanduku moja la posta. Huko vijijini, Mtinko, nani ana kompyuta? Mtoto aliyeko mbali anaandika kwangu, juu anaweka KWA: fulani. Nachapa, natia kwenye bahasha, nampa mtu wa basi. Ikishachapwa naifuta. Ni sheria yangu na watu wananisifia kwayo: siri za watu hazilali kwa Nasma.

Nisizofuta ni zangu. Za Kombo. Na sheikh amesema Jumatatu ya tarehe 26 nifike na barua ya mwisho ya mume wangu, aone tarehe, ndipo aanze kuzungumzia kuivunja ndoa.

Ijumaa, 16 Septemba

Upepo tangu asubuhi. Vumbi mpaka kwenye chai.

Kaka Abdulhamidi amepita baada ya sala, na kanzu yake, na sura yake ya kikao. Nikamwambia faili limekufa. Akasema tusisogeze siku, mwezi wa Ramadhani uko mlangoni, watu watakuwa na mambo mengine. Akasema mwanamke wa miaka thelathini na moja hawezi kukaa kama mzigo uliosahauliwa stendi. Ananipenda, najua. Lakini ana namna ya kupenda inayofanana na kuhamisha kabati.

Nijiandikie ukweli wangu, maana hapa hakuna wa kunisikia. Kombo aliondoka Machi 2003 kwenda Msumbiji, fundi wa malori kwa tajiri mmoja Nampula. Mosi alizaliwa yeye hayupo. Aliandika kwa barua pepe ya tajiri, kila wiki moja, mbili. Kila barua ilianza "Nasma" na kila barua iliishia hivi: dirisha la mashariki lifungwe, vumbi. Hata akiandika ameumwa malaria, dirisha lifungwe! Barua ya mwisho, 11 Juni 2004. Baadaye kimya. Nimeandika mara nne, hakuna jibu. Nikapiga simu kwa yule tajiri, akapokea mtu wa Kireno, nikasikia "Kombo" mara moja na mengine sikuyaelewa.

Mwaka na miezi mitatu. Nilikasirika, halafu nikaogopa, halafu nikachoka. Kuchoka ndiko kulikonipeleka kwa sheikh, si chuki.

Jumamosi, 17 Septemba

Gabrieli amekuja kuitazama. Ndiye anayetengeneza kompyuta za misheni. Anaongea polepole kana kwamba kila neno analipia. Amefungua tumbo la mashine, amepuliza vumbi, amekohoa. Anasema diski ni nzima, faili ndilo limechanika. Ana programu kwenye sidii, atarudi Jumatatu. Nisiguse kitu.

"Usiguse hata kidogo, Dada Nasma." Amerudia mara mbili. Sifa zangu zimeshafika misheni.

Jumatatu, 19 Septemba

Programu ya Gabrieli imeanza saa mbili asubuhi, ikamaliza baada ya alasiri. Kazi yenyewe ni kama kuchambua mchele: punje, punje, jiwe, punje.

Kwanza zimetoka anwani, 214. Gabrieli akacheka mpaka akavua miwani. Shemeji. Shemeji wa pili. Baba Mkwe, Mtinko. Mjomba wa Rungwa. Mama Pendo. Baba Leonard. "Hawa watu hawana majina?" Nikamwambia anakuja Mama Pendo kaunta, anataka kumwandikia baba mkwe wake, jina lake hawezi kulitamka, mimi nimlazimishe? Naandika anavyomwita yeye. Akasema kompyuta haijui heshima. Nikamwambia itajifunza.

Halafu zikatoka za Kombo. Kati ya arobaini na moja zimepatikana thelathini na nane, na ile ya 11 Juni imo. Nilichokuwa nataka nimepata. Nilitegemea nitafurahi.

Gabrieli akauliza: na hizi zilizofutwa, nizitupe? Zipi? Akanieleza. Ukifuta barua haitoki. Mashine inaandika tu kwamba kiti kiko wazi, na barua inaendelea kukikalia mpaka apatikane mwingine wa kukikalia. Kule kubana ndiko kunakozitoa kweli – nami miaka miwili nimekataa kubana.

Aibu ilinishika. Siri zote za Singida kwenye kioo, mstari juu ya mstari! Nikamwambia futa, funga, usisome. Nikawa nafunika kioo kwa mkono kama mtoto. Kati ya vidole nikaona barua tatu zilizofuatana, za 2004, kutoka anwani nisiyoijua. KWA: MAMA MOSI. Nikajua ni za yule mama wa Iguguno, ninayemjua kwa daftari la wateja tu. Nikataka kupita.

Chini ya ile ya kwanza, maneno ya mwisho: dirisha la mashariki lifungwe, vumbi.

Gabrieli akaniuliza kama nataka maji.

Jumanne, 20 Septemba

Nimefunga ofisi. Kwenye mlango nimebandika MATENGENEZO, na si uongo.

Ya kwanza, 19 Julai 2004. Ameacha kazi kwa yule tajiri, waligombana. Yuko Lichinga. Anaandikiwa na Mzee Abdulmajidi, mtu wa Kondoa mwenye duka na kompyuta. Nijibu kwa Mzee huyo. Afya njema. Mosi ameota meno mangapi? Dirisha.

Ya pili, 24 Agosti. Amepata jibu langu, amefurahi. Jibu langu! Anasema: "Umesema ng'ombe mwekundu amezaa. Alhamdulillahi. Sikujua kama mmenunua ng'ombe, ila nimefurahi sana, mtoto atapata maziwa."

Nimeisoma mara kumi. Ng'ombe gani? Mimi ng'ombe namjua kwenye sufuria.

Ya tatu, 21 Septemba 2004. Amepata mkataba wa kupasua mbao porini, mwaka mzima, hakuna simu wala barua. Halafu: "Mama Mosi, nisikilize vizuri. Nitarudi" – basi. Kinachofuata ni visanduku vitupu, mistari minne ya visanduku. Gabrieli anasema sehemu hiyo imekaliwa na kitu kingine na hairudi tena.

Mwaka mzima namlaani mtu aliyekuwa anaandika. Nililia, niandike tu. Nililia mpaka Mosi akaniletea kanga yake ndogo nijifute.

Halafu nikakasirika upya. Mama Mosi! Kwa nini hakuandika Nasma, kama siku zote? Nimekaa na swali hilo mpaka adhuhuri, na jibu lilikuwa mbele yangu. Zile za mwanzo aliandika kwa mkono wake mwenyewe. Hizi anamtamkia mzee wa watu, mtu wa heshima, dukani, pengine na wateja wamesimama. Kombo wangu aanze kulitia jina la mke wake kinywani mwa mwanamume mwingine? Hata hapa nyumbani, mbele ya wageni, nilikuwa "mwenyeji wangu". Alinisitiri. Alinisitiri vizuri mno nikapotea.

Jumatano, 21 Septemba

Miezi ile, Julai mpaka Septemba 2004, nilikuwa Tabora namuuguza mama hadi tulipomzika. Ofisini alikaa Elizabeti, msaidizi wangu. Sasa ana meza ya vitenge sokoni, nimemkuta anapima kwa mkono.

Anakumbuka vizuri. Barua ilikuja KWA: MAMA MOSI, akafungua daftari la wateja, Mama Mosi – Iguguno, akachapa, akatuma kwa basi, akafuta kama nilivyomfundisha. Yule mama akaja mwenyewe kujibu, amefurahi, alisahau hata mwavuli. Elizabeti ndiye aliyeandika majibu. Mara mbili.

Nikamuuliza hakufikiri kwamba Mama Mosi ni mimi?

Akashangaa kweli. "Wewe? Wewe ni Dada Nasma. Nani ameshakuita Mama Mosi pale ofisini?"

Hakuna. Ni kweli, hakuna. Nilipenda kuwa Dada Nasma. Kwenye mlango nimeandika Nasma Secretarial. Mama Mosi nilikuwa kwa mtu mmoja tu.

Akauliza kama amekosea. Nikamwambia hapana. Nikanunua kitenge ambacho sikukihitaji.

Alhamisi, 22 Septemba

Nimemwonyesha Kaka Abdulhamidi zile barua. Amesoma akiwa amesimama. Akakaa. Akasema kitu kizuri, kwamba amemfikiria Kombo vibaya na atatubu. Halafu kabati likaanza kuhama tena: hii ya tatu haina mwisho. "Nitarudi" lini? Huenda ameandika nitarudi nikipenda. Na karatasi ya kompyuta mtu yeyote anaweza kuichapa, hata jana, sheikh ataamini vipi? Na mwaka wa mbao umeisha jana, 21, yuko wapi?

Nimeandika jana hiyo hiyo kwa anwani ya Mzee Abdulmajidi, barua imerudi, sanduku halipo tena.

Lakini barua nzima ipo. Elizabeti aliichapa kabla faili halijachanika, iko Iguguno, kwenye bahasha, kwa mwanamke anayedhani ni yake.

Ijumaa, 23 Septemba

Sijafanya chochote. Nimemsuka Mosi. Magari ya kampeni yamepita na vipaza sauti, kila moja linaahidi barabara.

Nafikiria: nikienda kuchukua barua, namchukulia mume.

Nisipokwenda, Jumatatu naenda kwa sheikh kuacha mtu aliyeniambia nimsikilize vizuri.

Jumamosi, 24 Septemba

Naandika hapa hapa, uani kwake Iguguno, kwenye kigoda, daftari juu ya goti. Yeye yuko nyuma ya jiko anamshughulikia kuku. Nilikataa kuku mara tatu. Mtu wa Iguguno humkatalii kuku.

Nimefika saa nne kwa pikapu ya alizeti. Nyumba nikaonyeshwa na kila niliyemuuliza. Jina lake Radhia, kama rika langu, pengine amenizidi kidogo. Amenisalimu Kinyiramba, nikajibu vibaya, akacheka, tukahamia Kiswahili. Nikasema natoka ofisi ya barua Singida. Basi! Akanishika mikono yote miwili. Hakuniuliza jina. Kwake mimi ni ofisi.

Cha kwanza nilichokiona ni dirisha. Nyumba imepakwa chokaa, nzuri, madirisha matatu yana mbao za kufunga na kufungua. La mashariki limezibwa kwa tofali mpaka juu. Akaniona natazama.

"Baba Mosi aliagiza," akasema. "Lilikuwa linasumbua kwa vumbi na mimi wala nilikuwa sijali. Huko aliko analikumbuka!"

Mume wake alikwenda machimbo ya Mererani mwaka 2001. Baadaye wakasema amevuka kwenda Msumbiji. Hakumtaja jina hata mara moja, na mimi sikuuliza. Ningeuliza vipi? Miaka mitatu hakuna neno. Shemeji zake walitaka aondoke, shamba ligawanywe. Ndipo ikaja barua. Aliibeba mpaka kwenye kikao cha ukoo, mwalimu akaisoma mbele yao wote, na wakanyamaza. Mpaka leo hakuna aliyegusa shamba.

Hili sikulijua nilipopanda pikapu.

Akanionyesha ng'ombe mwekundu. Ni mzee, ana ndama mwingine sasa. Nikamuuliza – Mungu anisamehe, nilitaka kujua – Baba Mosi alisema nini kuhusu ng'ombe? Akainama akang'oa jani.

"Aliandika hakujua kama tumenunua. Na huyu tulipewa siku ya harusi, alimfunga yeye mwenyewe kamba." Akalizungusha jani kidoleni. "Nikasema machimbo yamemsahaulisha. Mtu akikaa gizani siku nyingi, kichwa kinasahau. Si ndiyo?"

Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo!

Akaleta kopo la maziwa ya unga. Barua tatu ndani, zimekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo inapitisha mwanga. Akaniwekea mapajani. Anasema mwalimu anasoma mbio kama anafukuzwa, leo amepata mtu wa ofisi, atasomewa taratibu. Ngoja kwanza amalize kuku.

Nimefungua ya tatu. Ni chapa ya mashine yangu, ile herufi "r" yenye mguu mfupi. Mistari minne niliyoipoteza iko hapa, mizima, nainakili kabla hajarudi:

"Nitarudi kabla ya mfungo wa mwaka ujao, Mungu akipenda. Shaabani ikiisha sijafika, ujue sipo, nenda kwa sheikh, uko huru, sitaki ukae unasubiri maiti. Ila kama bado unanitaka niambie sasa, neno moja tu, kabla sijaingia porini. Nisipolipata sitarudi Singida, nitabaki huku. Dirisha la mashariki lifungwe, vumbi."

Leo ni Shaabani ishirini.

Na mimi Septemba ile nilikuwa Tabora nakunja nguo za marehemu. Sikumwambia neno lolote.

Nikamwita kutoka hapa nilipokaa, nikajitahidi sauti itoke ya ofisi: Hii ya mwisho ulijibu nini? Akajibu huku ananyonyoa, kwa sauti kubwa, bila haya, majirani wote wasikie: "Nilimwambia binti aandike, njoo. Hata ukija mikono mitupu, njoo, nyumba ni yako. Nilipanda basi siku ile ile, niliogopa ataingia porini hajalipata."

Alipanda basi siku ile ile.

Kwa hiyo kama Kombo yuko njiani, yuko njiani kwa neno la huyu. Mimi nilikuwa nimeshampoteza, hata sijui. Huyu mwanamke amemwita mume wangu nyumbani kwa sauti yake, na wa kwake hakuna aliyemwita.

Nataka kuichukua hii karatasi. Nijiandikie waziwazi: naitaka. Jumatatu niiweke mbele ya sheikh, mbele ya Kaka, niseme subirini siku kumi. Mkoba uko wazi hapa miguuni. Na bila karatasi hii kikao cha shemeji zake kitakaa tena kesho.

Nimemuuliza pia: na asipofika? Akasema siku kumi ni nyingi. Akasema mtu anayekumbuka dirisha atafika.

Mafuta yameanza kulia kwenye sufuria. Mtoto wake wa kiume, Mosi, ameletwa kunisalimia, shikamoo, nikamwekea mkono kichwani. Ana kama miaka sita. Meno ya mbele hana.

Anakuja. Ananawa mikono kwenye beseni, anajifuta kwa kanga, anacheka peke yake. Barua bado ziko mapajani mwangu, mkoba bado uko wazi.

Anasema samahani, ameniweka hapa saa nzima kama mgeni asiye na mwenyewe, hata hajaniuliza hali ya nyumbani kwangu. Nina mtoto? Wa kwanza nani? Nyumbani wananiitaje –